Kukata na Kuchonga Mawe kabla ya Kuyatia Kipipani: Mwongozo kutoka Malindi

Kwa wiki tatu kipipa changu cha kwanza, yaani mashine inayozungusha mawe pamoja na maji na chenga za msasa hadi yalainike na kung'aa, kilizunguka vizuri pale kibarazani Muyeye. Kilinguruma usiku na mchana, majirani wakazoea, na kila nilipokifungua kubadilisha chenga za msasa nilikuta mawe yamezidi kulainika. Wiki ya nne, ile ya kung'arisha, nikafungua nikitarajia mng'ao wa kioo. Kila jiwe lilikuwa limechanjwa mistari kama lililopitishwa kwenye tupa. Nikayachambua moja moja hadi nikakipata chanzo chake: kipande cha kwatsi (quartz) ya waridi kilichokuwa na ufa tangu nilipokinunua. Kilipasuka wiki ya mwisho, na zile chenga nene za wiki ya kwanza zilizokuwa zimejificha ndani ya ufa zikatoka zikasugua kila kitu. Mwezi mzima wa umeme na subira ukapotea kwa sababu ya dakika tano ambazo sikukaa kulitazama jiwe.

Tangu siku hiyo naamini kazi hii hufanywa kabla ya kipipa kuwashwa. Kipipa hulainisha tu kile ulichokitia. Hakizibi shimo, hakiungi ufa, wala hakilipi umbo jiwe lisilo na umbo. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kukata na kuchonga, na kipipa chenyewe nitakigusia mwishoni tu.

Lijue jiwe lako kwanza

Mawe yanayotiwa kipipa kimoja lazima yalingane ugumu. Kipimo kinachotumika ni kile cha mtaalamu wa madini Friedrich Mohs cha mwaka 1812, kinachoanzia 1 hadi 10, na almasi ndiyo 10. Huhitaji maabara. Kucha yako iko karibu na 2.5, kioo cha chupa na kisu cha kawaida viko karibu na 5.5. Jiwe linalochora kioo waziwazi, nalo kisu hakiliachi alama, liko 6 kwenda juu, na hilo ndilo tunalolitaka. Kwatsi ni 7. Akiki na yaspi ziko 6.5 hadi 7. Ganeti ni 6.5 hadi 7.5. Hizi zote zinakaa pamoja bila ugomvi.

Matumbawe yasahau. Najua kwetu pwani ndilo jiwe lililo karibu na mkono, na mafundi wa Lamu wamelijengea mji mzima na kulichonga nakshi, lakini wao hulichimba likiwa laini na mbichi, kisha hukauka na kukaza. Hata likikauka, ugumu wake hauzidi 4. Ukilitia pamoja na kwatsi, baada ya siku chache utakuta uji mweupe. Ukiwa na shaka, likwaruze jiwe kidogo, kisha tia tone la siki juu ya ule unga. Likitoa mapovu, ni jamii ya chokaa, liweke kando. Hata lile la Mazeras tunalotandika nyuani halifai, kwa kuwa ni mchanga ulioshikana na hubanduka tabaka tabaka. La Kisii ndilo laini kupita yote: kucha inalichora.

Kuna jambo jingine la matumbawe, na hili nalisema kwa msisitizo. Hifadhi ya bahari ya Malindi imelindwa kisheria tangu mwaka 1968, ikiwa pamoja na ile ya Watamu. Haichukuliwi tumbawe, kombe wala kokoto humo. Vivyo hivyo ukipita lango la Sala kuingia Tsavo Mashariki: shuka upige picha, jiwe liache lilipo.

Mawe mazuri ya kazi hii hutoka upande wa Taita Taveta: kwatsi nyeupe na ya waridi, ganeti nyekundu, tomalini. Nunua kwa mtu mwenye kibali, maana Sheria ya Madini ya 2016 inataka leseni kwa anayechimba na kwa anayefanya biashara ya madini, na uombe risiti. Muulizie mabaki, yaani yale ambayo mkataji vito ameyakataa kwa sababu yana ukungu ndani. Kwake hayana thamani, kwako ni mali. Ukikuta ndani ya fungu la ganeti kipande cha kijani kibichi kinachopitisha mwanga, usikitie kipipani kabisa. Huenda ni tsavoriti, jiwe ambalo mjiolojia Campbell Bridges aliliona kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha akalipata upande wa Kenya, na mwaka 1974 likapewa jina kutokana na Tsavo. Hilo mpelekee mkataji vito.

Tafuta nyufa kabla ya kushika msumeno

Osha mawe kwa brashi na sabuni. Yaloweke usiku kucha, asubuhi yatandaze juani juu ya gunia na ukae nayo. Usiondoke. Uso wa jiwe hukauka haraka, lakini ufa hubaki na maji, kwa hiyo kwa dakika chache utaona mstari mweusi mwembamba kama unywele. Hapo hapo uchore kwa alama isiyofutika. Penseli na kalamu huoshwa na maji ya msumeno. Mimi natumia kipande cha mfuniko wa sufuria kuukuu: alumini ikiburuzwa juu ya jiwe gumu huacha mstari wa kijivu unaostahimili maji, na ukiinoa ncha unapata mstari mwembamba.

Kisha usiku, taa zikiwa zimezimwa, weka tochi chini ya jiwe. Kwatsi inayopitisha mwanga itakuonyesha nyufa za ndani kama vioo vidogo vinavyometa. Ufa mdogo ulio katikati kabisa na usiofika nje unaweza kuuacha. Ule unaofika juu lazima ukatwe au jiwe ligawanywe hapo hapo kwenye ufa. Hakuna njia ya tatu, na usidanganywe na uzuri wa rangi. Mimi rangi ilinidanganya, nimekwisha kueleza ilivyokuwa.

Mahali pa kufanyia kazi, na pumzi yako

Vumbi la kwatsi linaua. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba huzioni, zikiingia ndani kabisa ya mapafu hazitoki, na mapafu hufanya makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi na hauna tiba. Leso usoni haisaidii. Barakoa ya kitambaa pia haisaidii. Kinga ya kwanza ni maji: jiwe linakatwa na kusagwa likiwa limelowa, wakati wote. Kinga ya pili ni barakoa ya kuchuja vumbi, ya aina ya N95 au bora zaidi, maana hata maji yanayorushwa na diski hubeba chembe. Ukimaliza, usifagie. Futa kwa tambara lililolowa, na nguo za kazi ziloweke kabla hazijakauka. Kama una watoto nyumbani, vua nguo hizo nje.

Fanya kazi nje, penye kivuli, na uutazame upepo. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini-mashariki, wakati wa kaskazi unatoka kaskazini-mashariki. Panga meza ili upepo uchukue ukungu wa maji mbali nawe na mbali na mlango wa jirani.

Maji na umeme vinakutana hapa, kwa hiyo soketi iwe na swichi inayokata mkondo mara umeme unapovuja. Waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kwenda ukutani, ili tone linaloteremka juu ya waya lidondoke sakafuni lisifike kwenye plagi. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Mikono mirefu ya kanzu au shati ikunjwe, pete na saa zivuliwe, na glavu za kitambaa usivae karibu na diski, kwa sababu hunaswa na kuvuta mkono. Miwani ya kukinga macho ni lazima hata kwa mkato mmoja.

Kukata

Mashine inayofaa kwa anayeanza ni ile ya meza ya kukatia vigae, yenye trei ya maji chini. Mafundi wa vigae mjini wanazo, na ukielewana na mmoja anaweza kukukodishia kwa siku. Grainda ya mkono usiitumie kwa kazi hii. Ukiitumia kavu unakula vumbi, ukiimwagia maji unashika mashine ya umeme iliyolowa kwa mikono miwili. Sijaona njia salama hapo.

Diski iwe ya almasi, yenye ukingo mzima. Ile yenye mapengo mapengo ni ya zege: hugonga jiwe na kulimeguamegua kingo. Jaza trei kwa maji baridi hadi ukingo wa chini wa diski uzame kama sentimita moja. Hapa kwetu maji mengi ya visima yana chumvi, nayo hula mhimili wa mashine kwa wiki chache tu. Tumia maji ya mvua au ya mfereji. Jioni kausha mashine na upake mafuta sehemu za chuma, maana hewa ya bahari peke yake inatosha kuleta kutu.

Shida kubwa ya jiwe ghafi ni kwamba halina tako. Ukiliweka mezani linayumba, na jiwe linaloyumba likishikwa na diski linajipinda, diski inakwama, na jiwe linaruka au diski inavunjika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulitengenezea jiwe mahali pa kukaa. Kwa jiwe la ukubwa wa ngumi, pigilia vipande viwili vya mbao juu ya ubao bapa, lilaze jiwe katikati, na ulikaze kwa kabari. Kwa jiwe dogo au lenye umbo gumu, chukua pakiti tupu ya maziwa, simamisha jiwe ndani, mimina plasta ya Paris hadi lizame, na ungoje ikauke. Ukichana pakiti una mchemraba wenye pande bapa, na mstari wa kukata unauchora juu ya plasta. Njia hii inakula muda, lakini ndiyo iliyoniokolea vidole.

Washa mashine, ngoja maji yazunguke, kisha sogeza jiwe taratibu mpaka liguse diski. Kuligusisha kwa mara ya kwanza ndipo penye hatari: diski bado haijapata mfereji na inaweza kuteleza pembeni. Likishachimbika milimita mbili tatu, mkato unajishika. Fundi wa vigae aliyenifundisha alinitazama nikikaza mikono akaniambia, "Mwanangu, wagombana na jiwe la nini? Iache diski ile yenyewe." Nikamjibu kwamba naona haikati. Akazima mashine, akachukua tofali bovu la udongo, akalikata mara nne tano, kisha akanirudishia jiwe langu. Likakatika. Almasi za diski huwa zimezama ndani ya chuma, na jiwe gumu likizing'arisha, zinafunikwa. Tofali laini lenye mchanga linakwangua ule ufunikaji na almasi mpya zinachomoza. Siku hizi nafanya hivyo kila diski inapoanza kusita, inapotoa cheche nyingi, au mkato unapoanza kupinda.

Usilisukume jiwe kwa nguvu, usiligeuze likiwa ndani ya mkato. Diski ya milimita 180 inafika kina cha sentimita tatu hivi. Jiwe lililo nene zaidi kata upande mmoja, zima, ligeuze, ukutane na mkato wa kwanza. Maji yakiwa mazito kama uji, yabadilishe, kwa kuwa tope halipozi diski. Na ukifika mwisho wa mkato punguza mwendo kabisa. Kipande kinachoanguka huacha kijino kwenye ukingo, na ukikiharakisha humega pembe nzima.

Upande wa kukata nao una maana. Akiki yenye mistari ikatwe kukatisha mistari, ili ionekane usoni. Feldispa (feldspar) ina tabaka za asili inakopenda kupasukia. Panga mkato ili tabaka hizo zilale sambamba na uso mpana, la sivyo kipande kitagawanyika kipipani. Ganeti iliyo ndani ya mwamba wake usiikate. Mara nyingi ni tembe ya duara yenye nyuso nyingi, na inatosha kumegua mwamba unaoizunguka kwa patasi nyembamba na mapigo mepesi.

Unene ninaoupenda ni milimita 8 hadi 10. Chini ya 6 kipande huwa chembamba mno na hukatika katikati. Ukishapata mabamba, yakate vipande vya mraba vya sentimita mbili hadi tatu.

Asiye na msumeno afanyeje? Funga jiwe ndani ya gunia zito mara mbili, liweke juu ya jiwe kubwa zaidi, na upige kwa nyundo ya kilo moja pigo moja la haki. Mapigo madogo madogo yanajaza jiwe nyufa zisizoonekana, na pigo moja lenye uzito hulipasua mahali lilipo dhaifu. Usilichome jiwe moto na kulimwagia maji, kama baadhi ya watu wanavyoshauri. Linapasuka kweli, lakini kila kipande kinabaki na nyufa hadi ndani, na linaweza kurusha vipande usoni. Vipande vya nyundo vyote virudishwe kwenye maji na jua, vitafutwe nyufa upya.

Kuchonga

Sasa una vipande vya mraba vyenye pembe kali. Ukivitia hivyo, kipipa kitachukua wiki tatu au nne kuziondoa pembe, na wakati huo kingo zitakuwa zinameguka na kuacha vishimo. Dakika tano za gurudumu zinafanya kazi ya wiki hizo.

Gurudumu liwe la silikoni kabaidi, lile la kijani, au la almasi, la namba 80 hadi 100 (namba ikiwa ndogo, chembe zake ni nene), nalo lidondokewe na maji. Ondoa kwanza pembe nne, upate pande nane. Kisha ondoa hizo pembe nane mpya. Baada ya hapo kipande kimeshakuwa karibu na duara au yai, na unachofanya ni kukizungusha kwa vidole huku ukikipitisha juu ya gurudumu, bila kusimama mahali pamoja. Ukisimama, jiwe linapata joto na uso bapa. Mwisho pitisha kingo za juu na za chini kwa pembe ya nusu mraba, zisibaki kali.

Huna gurudumu? Kipande cha jiwe la kunolea la namba nene, ndani ya beseni la maji, kinafanya kazi ile ile kwa mkono. Mimi niliwahi kuchonga vipande ishirini hivyo, jioni baada ya jioni, na mikono ilichoka, ila nilijifunza kulisikia jiwe: linapokaribia kumeguka sauti inabadilika na kuwa kavu.

Vishimo ndivyo vinavyohitaji jicho kali zaidi. Pitisha kucha juu ya kila uso. Kama kucha inakwama, hapo patabeba chenga kutoka hatua moja hadi nyingine, kama ule ufa ulionitia hasara. Saga mpaka shimo liishe, au ukate kipande hapo kiwe viwili. Kisichosafishika kiweke kwenye kopo la vipande vya baadaye. Kopo langu limejaa, na sijutii hata kimoja kilichomo.

Kipipani

Changanya ukubwa, vidogo na vikubwa, ili vidogo viingie kati ya vikubwa na kubeba msasa hadi kwenye mabonde. Katika kipipa cha mpira cha kilo moja na nusu hivi, kikubwa kabisa kisizidi sentimita nne. Mabamba mawili bapa yakikutana hushikana kwa maji kama vioo viwili na hayasuguliki, kwa hiyo yasizidi nusu ya mzigo; nusu nyingine iwe ya mviringo. Jaza theluthi mbili hadi robo tatu. Ukijaza chini ya hapo mawe hupigana na kumeguka, juu ya hapo hayatembei.

Tia vijiko vinne vya chakula vya chenga za namba 60/90, maji yafike chini kidogo ya usawa wa mawe, funga, washa. Wiki moja kwa kila hatua: 60/90, kisha 120/220, kisha 500, kisha unga wa kung'arisha wa oksidi ya alumini. Umeme ukikatika si hasara. Ongeza tu saa zilizopotea. Ila baada ya giza refu tope hutuama na kushika, basi kitikise kipipa kwa mkono kabla ya kuwasha.

Baada ya wiki ya kwanza toa kila kipande, kisugue kwa mswaki chini ya maji, kikaushe, na ukifanyie tena jaribio la maji na jua. Kutakuwa na vitatu vinne vilivyofichua ufa au shimo ambalo mwamba wa juu ulikuwa umelifunika. Virudi kwenye gurudumu, na vikimaliza vianze tena na 60/90 pamoja na mzigo unaofuata, visiruke hatua. Vilivyobaki vioshe kwenye ndoo nyingine, osha na kipipa chenyewe hadi kwenye mikunjo ya mfuniko, ndipo uingie 120/220. Tope la ndoo usilimwage kwenye sinki wala kwenye mtaro, linaganda kama saruji. Mimi nina shimo nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini, na huko ndiko linakokwenda.